Vikombe Viwili kwenye Njia ya Divai

Mwezi huu ninakuomba tusafiri pamoja, nami nitakuambia mapema tunakwenda wapi, usije ukasema nimekudanganya: tunakwenda katika nchi ya divai. Najua. Huku kwetu kwenye machimbo, mchungaji na divai hawatajwi pamoja isipokuwa siku ya kusoma habari ya arusi ya Kana, na hata siku hiyo tunapita mbio mbio. Lakini nilikwenda, nikaona, nikala, na kuna jambo lililonipata kule ambalo nimelinyamazia vya kutosha.

Nchi yenyewe inaitwa Alsace. Ni jimbo la Ufaransa upande wa mashariki, kati ya mto Rhin na milima ya Vosges. Ukivuka mto uko Ujerumani. Wenyeji wenye umri bado wanasema lugha yao yenye asili ya Kijerumani, na Kifaransa wanakisema kwa kukivuta kidogo. Usiwacheke. Mwaka 1871 Wajerumani waliichukua nchi hiyo, mwaka 1918 ikarudi Ufaransa, mwaka 1940 Wajerumani tena, mwaka 1945 Ufaransa tena. Mara nne katika miaka 75, na mtu hakuhama hata nyumba. Sisi tuliobadilishiwa jina la nchi, jina la mji na hata majina yetu ya ubatizo tunaweza kuwaelewa.

Mwenyeji wangu alikuwa mchungaji mwenzangu wa Kilutheri, mzee wa miaka 68 aliyekwisha kustaafu. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekuja kwetu Katanga kutembelea makanisa, akala bukari na sombe nyumbani kwangu, akalala chini ya chandarua chetu kilichotoboka. Mwezi wa Juni 2023 akasema sasa ni zamu yake. Alikuja kunipokea Strasbourg na gari dogo la rangi ya kijani, na mke wake akiwa amekaa nyuma na kikapu cha chakula. Nikamwambia: "Mama, kaa mbele." Akakataa. Kwao mgeni ndiye anayekaa mbele ili aone.

Kuna barabara kule inayoitwa Njia ya Divai. Ilifunguliwa mwaka 1953, nayo inaanzia Marlenheim, karibu na Strasbourg, inakwenda kusini mpaka Thann, kilometa 170 hivi. Sasa hesabu mwenyewe: kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilometa 120, na tunakasirika ikituchukua nusu ya siku. Sisi tulichukua siku tano, na hata mwisho wa barabara hatukufika. Siku ya kwanza nilikuwa ninamwuliza mzee kila mara: "Tutafika saa ngapi?" Siku ya pili niliacha kumwuliza. Hakukuwa na mahali pa kufika. Tulisimama penye kisima cha zamani, tulisimama penye mwokaji wa mikate, tulisimama kwa sababu mama aliona mti wa mlozi unaofanana na wa baba yake.

Kila kilometa mbili au tatu kuna kijiji. Nyumba zinajengwa kwa mihimili ya mbao inayoonekana nje, na katikati ya mihimili wanajaza udongo uliochanganywa na majani makavu, kama tunavyokandika nyumba zetu za miti, kisha wanapaka rangi: manjano, buluu, nyekundu. Nyingine zina miaka 400 na zaidi. Nilipomwambia mzee kwamba kwetu mtu akiwa na nyumba ya udongo anaona haya, anatafuta matofali ya kuchoma hata kama atakopa, alitikisa kichwa tu. Juu ya paa nyingi kuna viota vikubwa vya korongo. Ndege hao walikaribia kwisha kabisa; kufika mwaka 1974 walibaki jozi chache sana katika jimbo zima. Mwaka 1976 watu wa kijiji cha Hunawihr walianza kituo cha kuwalea, na sasa wanajaa mpaka juu ya makanisa. Wakati wa baridi wengine hubaki palepale, wengine huvuka bahari wanakuja Afrika Magharibi. Ninasema Afrika Magharibi. Kwetu huku wanafika wale wa Ulaya ya mashariki.

Tuje kwenye chakula, juu ya hilo ndilo mama wa nyumbani ataniuliza kwanza. Mchana wa kwanza, huko Obernai, tulikula choucroute. Ni kabichi, shu tunavyosema, iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, ikatiwa chumvi na kuachwa majuma kadhaa ichachuke yenyewe. Wanaipika na divai nyeupe, wanaweka juu nyama ya nguruwe, soseji na viazi. Uchachu wake ulinikumbusha mihogo iliyolowekwa. Jioni tukala mkate mwembamba kama karatasi, umepakwa krimu, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe, unaingia katika tanuru lenye moto mkali kwa dakika chache tu. Wakulima wa zamani walikuwa wanautumia kupima moto kabla ya kuingiza mikate yenyewe. Unakunjwa, unaliwa kwa mkono. Hapo nilijisikia nyumbani.

Lakini kilichoniingia moyoni ni chungu kinachoitwa baeckeoffe, maana yake tanuru la mwokaji. Nyama ya ng'ombe, ya kondoo na ya nguruwe zinalazwa usiku kucha katika divai nyeupe na vitunguu. Asubuhi zinapangwa katika chungu cha udongo pamoja na viazi, na mfuniko unafungwa kwa kukandika donge la unga pande zote ili mvuke usitoke. Mama alinieleza kwamba zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Mwanamke hakuwa na nafasi ya kupika, kwa hiyo alipeleka chungu chake kwa mwokaji, akaenda mtoni, na chakula kiliiva polepole katika moto uliobaki baada ya mikate. Ninawajua akina mama wa kampu ambao wangefurahi kama mwokaji wa mtaa angewapa nafasi hiyo.

Sasa divai. Milima ya Vosges inazuia mvua itokayo magharibi, kwa hiyo chini yake kunakuwa kukavu. Mji wa Colmar ni mmoja wa miji inayopata mvua kidogo kabisa Ufaransa. Mizabibu inapenda hivyo. Imepandwa kwenye miteremko, mistari kwa mistari, mpaka inagusa kuta za nyumba. Mwezi wa Juni zabibu bado ni punje za kijani, ndogo kama mtama. Mavuno ni mwezi wa Septemba na Oktoba. Zabibu zenyewe zina majina, Riesling, Sylvaner, Gewurztraminer, na wenyeji wanayataja kama mtu anavyotaja wajomba zake.

Huko Dambach-la-Ville, kijiji chenye milango mitatu ya mawe, mama mmoja mwenye shamba alitushusha katika ghala lake chini ya nyumba. Mapipa ya mbao yalikuwa makubwa kuliko nyumba za jamaa wengine ninaowajua. Akamimina katika bilauri ndogo, akaninyoshea. Nikasema: "Asante mama, mimi sinywi." Nilitegemea aulize sababu, niwe tayari na hubiri langu. Hakuuliza. Alikwenda akarudi na juisi ya zabibu zake mwenyewe, akaimimina katika bilauri ileile nzuri yenye shina refu la kijani, akanigongea kama wengine. Mzee na mke wake walikunywa bilauri moja moja, wakazungumza habari za ukungu unaoharibu majani, kisha wakafunika chupa. Ilikuwa nusu, wakaifunika. Msomaji, katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu akifunika chupa yenye kitu ndani.

Jambo lingine alilosema yule mama lilinifanya nisimame. Tangu mwaka 1972 sheria inaamuru kwamba divai ya Alsace itiwe katika chupa palepale Alsace. Haitoki kwa mapipa kwenda kuchanganywa na kupewa jina mahali pengine. Chupa, jina, karatasi ya jina, kazi ya vijana wanaobandika karatasi hizo, vyote vinabaki nyumbani. Nilifikiri malori yetu yanayopanga foleni Kasumbalesa usiku na mchana, yamebeba shaba na kobalti. Nilimweleza. Akaniuliza: "Na ninyi mnabaki na nini?" Nikamwambia tunabaki na vumbi la barabara. Alidhani ninatania.

Siku ya Jumamosi tulitoka katika Njia ya Divai. Kutoka Sélestat kuna bonde linaloingia katika milima, na ndani yake kuna mji mdogo wa Sainte-Marie-aux-Mines. Jina hilo wewe mtu wa machimbo unalielewa bila kutafsiriwa. Katika karne ya 16 watu kwa maelfu walikuja pale kuchimba fedha. Mzee alijua kwamba ningetaka kuona, naye alikwisha kukata tikiti.

Tulivaa kofia ngumu, tukaingia mlimani. Ndugu zangu, njia ni nyembamba kiasi kwamba mabega yanagusa pande zote mbili, nayo imechongwa kwa nyundo na patasi. Kiongozi alituonyesha alama za patasi ukutani, moja kando ya nyingine, na akasema mtu alisonga mbele sentimita chache tu kwa siku. Wazungu wengine waliokuwa pamoja nasi walisema "Oh!" Mimi nilikuwa nimezoea kuona alama hizo: zimo katika mashimo ya vijana wetu, wale tunaowaita creuseurs, na si za karne ya 16. Katika milima ile walikuta pia kobalti. Je, unajua jina hilo limetoka wapi? Wachimbaji wa Kijerumani walikuta jiwe linalong'aa kama fedha, lakini walipolichoma halikutoa fedha, lilitoa moshi wa sumu. Wakasema ni pepo wa shimoni, Kobold, amewaibia fedha na kuweka uchafu mahali pake. Basi jiwe ambalo leo linatafutwa na dunia yote kwa ajili ya betri za magari na simu limechukua jina la pepo. Nilipowaambia vijana wa Kolwezi neno hilo mmoja alijibu: "Pasta, ile pepo iko ingali mu shimo."

Fedha ilikwisha. Hilo ndilo nililotaka kulijua: mji unafanya nini mawe yakiisha? Katika karne ya 18 mji ule uligeukia pamba na sufu. Kuanzia mwaka 1755 mfanyabiashara mmoja, Jean-Georges Reber, aliingiza kazi ya kufuma nguo, na bonde zima likawa la viwanda. Kisha, katika karne ya 20, viwanda navyo vikafungwa kimoja kimoja. Leo mwisho wa Juni kila mwaka mji unafanya soko kubwa la mawe na vito, ambalo lilianza katika miaka ya 1960. Wafanyabiashara wanatoka kila upande wa dunia, wanatandaza mahema katika njia zote. Hapo, mbele ya jumba la michezo, juu ya kitambaa cheupe, nilikuta malakiti. Kijani kile chenye mistari, mgongo wake wa mviringo kama zabibu. Kikaratasi kiliandikwa: Kolwezi. Nilimwambia mwenye meza kwamba mimi ni mtu wa upande huo. Alifurahi sana, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza pakoje, kwa kuwa yeye alilinunua katika soko lingine la namna hiyo na hakuwahi kufika. Bei sitaiandika. Mama anayeuza vijiwe hivyo Lubumbashi penye hoteli asije akaacha kulala.

Mji huohuo, katika karne ya 17, ulikuwa na kijito kinachoupasua katikati: upande mmoja watu wa mtawala wa Lorraine, Wakatoliki wanaosema Kifaransa; upande mwingine watu wa mabwana wa Ribeaupierre, Waprotestanti wanaosema Kijerumani. Na kati yao walikaa Waanabatisti, waliokimbia mateso. Mzee wao mmoja, Jakob Ammann, aligombana na ndugu zake mwaka 1693 juu ya swali hili: mtu aliyetengwa na kanisa, je, inaruhusiwa kula naye meza moja nyumbani? Ammann alisema hapana, hata kama ni mume wako. Wakagawanyika. Watu wake ndio wale Amish walioko Marekani mpaka leo, wanaosafiri kwa farasi. Mzee alinieleza hayo tukiwa tumekaa penye kijito tunakula mkate na jibini ya Munster, ambayo inanuka vibaya na ladha yake ni nzuri. Nilicheka kwamba kanisa linaweza kupasuka juu ya chakula. Mzee hakucheka. Aliniuliza: "Kwenu, mtu aliyetengwa anakula na nani?"

Sikujibu. Sasa nitakujibu wewe, msomaji, hata kama ni kwa kuchelewa.

Baba yangu alikuwa mchimbaji. Miaka 27 alishuka chini ya ardhi kwa kampuni ya shaba. Baadaye mishahara ilianza kuchelewa, mwezi, miezi sita, mwaka, na mwaka 2003, yeye pamoja na wengine zaidi ya 10,000, alitia sahihi karatasi iliyosema anaondoka kwa hiari. Fedha za mwisho alizopewa hazikumaliza mwaka. Akaanza lutuku. Hakuwa anapiga mtu. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, peke yake, na kikombe cha bati, mpaka giza linaingia. Wazee wa kanisa walikuja mara mbili, mara ya tatu wakamtenga na Meza ya Bwana. Jina lake lilisomwa Jumapili mbele ya watu. Nilikuwa kwaya, nilisikia. Hakuja kanisani tena, naye alikufa mwaka 2006. Mimi niliingia shule ya Biblia, nikaapa mbele ya mama kwamba kitu hicho hakitagusa kinywa changu, na nimeshika kiapo. Tena nimesoma majina ya wengine. Nimeyahesabu katika daftari ya paruasi: katika miaka 14 ya uchungaji nimesoma majina 23, na mengi ni ya wanaume waliopoteza kazi.

Basi Jumapili ikafika. Tulivuka mlima kwa barabara ya kupinda-pinda mpaka Ribeauvillé, na tukaingia kanisani katika kijiji kimoja katikati ya mizabibu. Watu hawakuzidi 40, wengi wazee. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Sikukuficha mambo mpaka sasa, sitaanza hapa: tangu ile chupa iliyofunikwa nilikuwa nimekata shauri moyoni kwamba kikombe kikija nitakunywa. Niliona nimekosea kuogopa divai, kosa ni upweke. Nilijiona mtu aliyekua.

Tulisimama nusu duara mbele ya meza. Mkate ukapita. Kisha vikaja vikombe viwili, cha fedha na cha udongo. Mchungaji kijana alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha mlango: hiki ni divai, hiki ni juisi ya zabibu, ni Meza moja. Kando yangu alisimama mwanaume mkubwa, mikono yake mipana, koti lake limefungwa vibaya. Cha fedha kilipofika kwake alikipitisha kwangu bila kunywa, akangojea cha udongo. Niliona mkono wake unatetemeka kidogo. Hakuangalia chini.

Na mimi nilikuwa nimeshika kile cha fedha. Divai nyeupe, harufu yake kama ua. Nilikaa nacho, labda kwa muda wa kuhesabu tano. Kisha nikakipitisha, nikangojea pamoja naye, na tulipokea cha udongo, yeye kwanza, mimi baadaye. Usiseme nilifanya hivyo kwa utakatifu. Sikujua kwa nini nilifanya, na nilipofika nje miguu haikuwa na nguvu.

Baada ya ibada walitoa kahawa na kougelhopf, ndiyo keki yao yenye shimo katikati. Yule bwana alikuja kunisalimia. Alizaliwa katika bonde la Sainte-Marie, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa akaanza kunywa, si katika bilauri zenye shina. Aliokolewa na watu wa Msalaba wa Buluu, chama kilichoanzishwa mwaka 1877 huko Geneva na mchungaji Louis-Lucien Rochat kwa ajili ya wanywaji. Miaka 11 hajagusa. Nilimwuliza kikombe cha pili kilianza lini. Akasema: siku aliporudi. Mwanzoni kilikuwa kwa ajili yake peke yake, sasa wako watatu. "Nilimwambia mchungaji wa wakati ule kwamba nitakaa tu benchi la nyuma. Akasema hapana, tutanunua kikombe."

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri, lakini nitazipitia upesi, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imebaki pale. Hunawihr tuliona kanisa lenye ukuta kama ngome, juu ya kilima cha mizabibu, ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wanatumia wote tangu mwaka 1687. Walianza kwa amri ya mfalme Louis XIV, si kwa kupendana, na sasa wamezoeana. Riquewihr ni kijiji kizuri mno, kimejaa wageni na maduka mengi ya kuuza korongo wa kitambaa. Kaysersberg ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, mtoto wa mchungaji, aliyeacha ualimu wa teolojia na kinanda akasomea udaktari, akaenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Tulitembelea nyumba yake Gunsbach. Alitibu watu wetu mpaka kufa kwake mwaka 1965, nampa heshima yake. Aliandika pia kwamba Mwafrika ni ndugu yake, lakini ndugu mdogo. Mzee wangu alisoma uso wangu, akasema: "Twende tukale."

Na neno moja litakalowachekesha wachungaji: kule Alsace sheria ya 1905 iliyotenga dini na Serikali ya Ufaransa haitumiki, kwa kuwa wakati huo walikuwa chini ya Ujerumani. Mpaka leo wachungaji wanalipwa na Serikali, kila mwezi. Mke wa mzee aliniuliza mimi ninalipwa namna gani. Nikamwambia: unga wa mahindi, kuku, na ahadi. Aliandika katika daftari lake ndogo. Ninaogopa alifikiri "ahadi" ni namna ya mboga.

Aliponiaga alinipa chungu cha udongo cha kuokea kougelhopf, kimefungwa katika matambara. Kilifika kizima. Mke wangu amejaribu: nusu kilo ya unga wa ngano, mayai mawili, siagi kama kikombe kimoja kidogo, sukari kidogo, maziwa ya vuguvugu, hamira. Unakanda sana, unaacha uumuke mpaka uzidi mara mbili, unatia katika chungu kilichopakwa siagi, unaacha uumuke tena. Hana tanuru, anaweka chungu ndani ya sufuria kubwa kavu juu ya mbabula, na makala mengine juu ya mfuniko, karibu saa nzima. Zabibu kavu ni ghali, lozi hazipatikani, anatia karanga.

Nimeandikia wazee wa paruasi barua yenye majina yale 23. Nimeomba tununue kikombe, na twende nyumba kwa nyumba. Watatu kati ya hao 23 wamekwisha kufa. Mzee mmoja amejibu kwamba nimeharibika akili huko Ulaya, mwingine hajajibu, na shauri litasikilizwa katika mkutano wa mwezi ujao.

Mama yangu alikuja Jumapili kuonja ile keki. Akaniuliza palepale, mbele ya watoto: "We mwana, ulikunywa?"

"Hapana mama. Nilikunywa ile ya juisi."

"Na ule bwana wa pembeni yako, eko na miaka ngapi bila kukunywa?"

"Kumi na moja."

Akatafuna, akanyamaza. Kisha akasema: "Baba yako hakupata mutu wa kusimama naye pembeni."

Alikula kipande cha pili, akafunga kingine katika kitambaa kwa ajili ya wajukuu wa kampu.